Mengineyo

Kikao kilifunguliwa saa moja na dakika kumi usiku,
kwa kuwa Evaristo, mwenye funguo, alikwama na theluji barabara ya Estrela.
Tulimsubiri kizingitini, tumejikunyata,
mbele ya kiwanda kilichofuma mablanketi ya majeshi matatu
kikafa bila hata moja la kujifunika.

Mimi ni katibu. Kazi yangu kuandika yaliyosemwa,
lakini kalamu hii ina kichwa kigumu kama mwenyewe:
huandika hata yaliyokoholewa.

Waliohudhuria: kumi na watatu.
Waliotoa udhuru: Belmira, mtoto ana homa.
Tadeu hakutoa udhuru, alitoa barua.
Amepata kazi Munich, asanteni kwa yote,
kiti chake apewe mwingine.
Hatukumpa mtu. Tulitundika koti la Evaristo,
likachuruzika maji mpaka ajenda ya tatu.

Yatokanayo.
Ule waya wa intaneti tulioununua kwa mchango,
kampuni kumi na tisa, kila moja kwa kadiri ya mfuko wake,
umefika ghorofa ya juu, palipokuwa chumba cha rangi.
Kuta bado zina buluu. Ukiegemea
unarudi nyumbani na bega la buluu,
nasi hutambuana sokoni kwa alama hiyo.

Humo ndimo Graciete alimoketi miezi minane
akiifundisha kamera kuona uzi uliokatika.
Mama yake alikuwa mkaguzi wa vitambaa miaka thelathini na mmoja,
akipitisha kiganja juu ya sufu iendayo, macho ameyafumba.
"Kasoro husikiwa kwa ngozi," alisema, "jicho lina haraka."
Binti akamketisha mbele ya mashine: hapa? Na hapa?
Kiganja cha mama kikawa kitabu cha kamera.
Benki ilimwambia arudi akiwa na dhamana.
Dhamana tukawa sisi,
sahihi kumi na tisa, nyingine za kutetemeka.
Yangu imo. Nyumbani sikusema.

Leo ana wafanyakazi saba.
Mhazini anataka niandike saba.
Naandika saba,
na mwokaji wa chini ya ngazi
aliyekuwa akiwasha tanuri mara mbili kwa wiki, sasa kila alfajiri;
na basi la saa mbili usiku, lililofutwa mwaka wa mafuriko,
limerudi, lina taa, lina dereva,
siku nyingine lina na abiria;
na darasa la Jumamosi kwenye meza za kukatia nguo,
ambapo Lurdes, wa miaka kumi na moja, anawapita kaka zake kuandika programu
na hataki kusifiwa, anataka kiti kirefu zaidi.
Hayo hayana safu katika daftari la mhazini.
Daftari lina safu mbili: kilichoingia, kilichotoka.

Ada.
Wakubwa wawili walisema wamechoka kubeba wadogo mgongoni.
Meza ikapigwa. Chai ikamwagika juu ya bajeti.
Evaristo, viatu vyake vikifuka mvuke juu ya hita, akasema taratibu:
"Nilikuwa fundi wa boila humu.
Siku ya kufunga, kila idara ilidhani
itakayokufa ni ile ya pili."
Nilitaka kuingiza methali hapa, ya kidole kimoja na chawa.
Nimeifuta. Chawa alivunjwa na viatu vilivyolowa
na mtu aliyewahi kufungiwa mlango.
Kura kumi kwa tatu. Ada imebaki ilivyo.

Mengineyo.
Nyuma ya barua ya Tadeu kuna maneno ya penseli,
hakuna aliyeyaona mpaka nilipoigeuza kuifaili:
*Mdogo wangu Anselmo anarudi Machi.
Anatengeneza vihisio vya kupima unyevu wa mashamba.
Dawati litapatikana?*

Nikasoma kwa sauti.
Hakuna aliyependekeza, hakuna aliyeunga mkono.
Evaristo aliinuka tu,
akaliondoa koti lake kitini.