Taa Chini ya Barafu

Saa nane usiku. Ziwa Peipsi limelala chali,
baridi inang'ata hadi mzizi wa jino.
Nimetoboa tundu, upana wa sufuria ya uji,
nikashusha taa ya kijani kwa kamba, pima mbili.

Barafu ikawaka kutoka chini.
Nikaviona viatu vyangu vimesimama juu ya mwanga,
na ufa mwembamba, wa jana,
umenyoosha kidole ufukweni.

Hawakutangulia samaki.
Walikuja vijidudu, vumbi lenye uhai;
nyuma yao vidagaa, wembamba kama sindano;
nyuma ya vidagaa, kivuli
kikubwa, kisicho na haraka.

Nikazuia pumzi.

Ndipo theluji ikalia: kwaru, kwaru.
Heldur huyo. Miaka mitatu hatusemezani,
kisa keekee niliyomwazima ikarudi butu.
Hemani kwake giza; betri imemfia.
Akasimama ukingoni mwa duara la kijani,
chupa ya chai kwapani,
macho kwenye tundu, si kwangu.

"Wanakula?"

"Wanakuja," nikasema,
nikamsogezea ndoo akalie.