Fomu, Nakala Tatu

Ngazi ishirini na mbili hadi dawati la ustawi wa jamii.
Nimezihesabu kwa mgongo:
Mwantumu ana miaka tisa, si kifurushi tena.
"Mlemavu mwenyewe yuko wapi?" karani anauliza,
macho kwenye daftari.
Mwenyewe yuko begani kwangu, anakupungia mkono.

Fomu ina kisanduku: *Aina ya ulemavu, kwa ufupi.*
Kwa ufupi, miguu haimbebi.
Kwa urefu, anajua jedwali la saba kinyumenyume,
na Ngamiani yote, Barabara ya Kumi na Tatu hadi sokoni,
hajatokea wa kumfunga karata.

Mwalimu mkuu alisema darasa la nne liko ghorofani,
tusubiri mwakani.
Mwakani ikaja, ikapita mlangoni bila hodi.

Ndipo Bi Mwajabu wa chama, asiyeona,
akanisomea sheria kwa ncha za vidole,
taratibu, kama anayechambua mchele.
Alipofika penye *shule* akarudia mara mbili.
"Usiende kuomba. Nenda kudai.
Na usitoke bila mhuri, mwanangu,
Tanga hii karatasi zina miguu."

Leo nimegongewa mihuri mitatu.
Nakala yao, nakala ya shule,
yetu nimeifunga pindoni mwa kanga.

Tunashuka. Mwantumu anahesabu kwa sauti sikioni mwangu.
"Ishirini na tatu, mama. Uliruka moja."
Akadai kalamu.
Nyuma ya nakala yetu akaandika, kwa hati ya kujikaza:
*Ngazi 23. Njia ya kiti cha magurudumu 0.*
"Turudi juu," akasema. "Hii nayo igongwe mhuri."