Lugha ya Bei

Zuweina, nimesimama Haima,
kituo cha mafuta chenye taa moja inayopepesa.
Injini nimeizima ili nisikie ninachotaka kukwambia.
Tela tupu halinyamazi hata likisimama:
mnyororo unagonga ubao, upepo unaugonga tena.

Miaka sita, hatujaonana mara nne.
Wewe ni sauti ya Sohar, ghorofa ya pili
juu ya duka la mapazia,
simu tatu mezani na feni unayoilaani kutwa.
Mimi ni namba ya lori.
Lakini ulipojua mama yangu kazaliwa Wete,
nami nikajua wako kalelewa Ng'ambo,
tukakiweka Kiarabu kando kama viatu mlangoni.
Mbele ya mteja ukisema karibu, tafadhali, inshallah,
kisha kwangu, kwa pumzi ileile:
"Mselemu, huyu anazo mia tatu. Usishuke. Mkazie."
Hivyo Kiswahili kikawa lugha yetu ya bei.

Wema wako siukatai.
Tairi lilipopasuka karibu na Ghaba, saa tisa usiku,
Agosti, lami ingali ya moto kama chuma cha mkate,
ni wewe uliyemwamsha fundi wa pancha kule Adam,
ukamlipa kabla hajavaa kandambili.
Na mwaka ule kampuni ya saruji ilipofunga milango,
deni langu la siku tisini likawa hewa,
ulinitumia riyali hamsini, ukaandika: za maziwa ya mtoto.
Sina mtoto. Ulijua.
Nikanunua dizeli.

Safari hii ya vigae ulinipigia kwa Kiarabu.
Kiarabu safi, cha taarifa ya habari.
Mia mbili na tisini, ukasema, soko limelala.
Nikadhani kuna mtu ubavuni kwako.
Nikapakia.

Thumrait ukungu ulinimeza na taa zangu zote.
Nikateremka Salalah gia ya pili,
rasharasha kiooni, ng'ombe katikati ya njia,
na wageni wa kiangazi wakipiga picha tope.
Shaji wa ghalani akahesabu makasha,
matatu yamevunjika, akaguna, akatia sahihi,
akanipa risiti imebanwa na karatasi isiyokuwa yangu.
Nauli: riyali mia nne na ishirini.
Niliisoma nikiwa ndani ya kabini.
Vaipa zikapangusa, zikapangusa;
tarakimu haikufutika.

Kumi kwa mia, ndivyo tulivyopatana.
*Mali bila daftari huisha bila habari*:
si wewe uliyenifunza, siku ya kwanza,
ukanitaka ninunue daftari la mistari mipana?
Basi limo humu, chini ya kiti, na nimeandika.

Sijakasirika unavyodhani.
Najua vijana wa programu za simu wanakunyang'anya wateja.
Najua kodi ya ile ghorofa, na wakili anayefukuza madeni
na yeye anataka chake.
Ninachouliza ni kidogo:
ulipogeuza ulimi, Zuweina,
ulikuwa unanificha mimi, au unajificha wewe?

Nimekutumia picha ya karatasi.
Vitiki viwili. Vikawa buluu.
Chai yangu imeshaota utando.

Sasa umeniletea sauti, sekunde arobaini.
Mwanzo ni feni tu, naijua ile feni.
Kisha: "Mselemu."
Kisha feni tena, ndefu.
Kisha, kwa lugha ya mama zetu:
"Kuna mabomba Duqm, kesho asubuhi.
Mteja anatoa mia na themanini.
Yangu kumi na nane.
Yale ya vigae... njoo kwanza. Unakuja?"

Nimewasha injini. Sijajibu.
Njia ya Duqm inaanzia pale, baada ya taa,
na ngamia sita wamelala juu yake,
na honi siitaki kuipiga.