Kiraka

Mimi fundi baiskeli, Barabara ya Kumi na Tatu.
Kazi yangu naijua kwa ncha za vidole:
msasa kwanza, kisha gundi, subiri ishike vumbi,
kiraka kikate duara, usikiache na kona,
kona ndiyo huinuka.

Kinga ya spoki niliifungua mwenyewe.
Ilikuwa inagonga. Akaja mteja wa Makorora,
nikamuuzia, elfu mbili na mia tano,
nikanunua unga na nazi.
Siku nane baadaye, Mwantumu yuko nyuma kwenye keria,
tunatoka madrasa, anahesabu nguzo za taa.
Akafika kumi na moja.
Gurudumu likagoma.

Nimesikia spoki nyingi zikikatika.
Ile haikuwa sauti ya spoki.

Bombo, wodi ya watoto, kitanda cha dirishani.
Siku ya kwanza ngozi ilikuwapo, imevimba tu,
nikasema alhamdulillahi, itashika.
Siku ya nne ikawa nyeusi kama tairi.
Daktari Kihiyo akaondoa kilichokufa
mpaka ukaonekana ule mshipa wa juu ya kisigino,
mweupe, kama waya wa breki uliovuliwa ganda.
Mama yake alitoka nje. Mimi nilitazama.

Daktari akachora mgongoni mwa bahasha:
"Hapa pa wazi mno, ngozi nyembamba haitaota.
Tutaazima shavu la mguu wa pili,
lakini hatulikati lote. Upande mmoja tunauacha
unywe damu ya kwao, mpaka ugenini pakubali."
Siku ngapi?
"Ishirini na moja."
Na pale mtakapotoa?
Akajigusa paja: "Patafunikwa kwa utando wa hapa."
Kumbe mwili unakopeshana,
na mimi kibandani nimeandika KUKOPA KESHO.

Siku ishirini na moja, mguu umeshonwa kwa mguu,
mwanangu kama mkasi uliofumbwa.
Nilimpelekea spoki butu ya kujikunia ndani ya plasta,
akaitazama, akaomba kijiti cha mshikaki.
Usiku akauliza:
"Baba, kisigino kikiwasha, nikune mguu upi?"
Sikuwa na jibu. Nilimkuna mgongo.

Kabla ya kutenganisha walibana shina la ngozi kwa mpira,
tukaikodolea macho, isije ikapauka.
Haikupauka.

Ngozi ile haikuzaliwa kukanyaga.
Ilizoea kanga, upepo, mbu.
Ikaanza kufundishwa uzito: ukuta wa korido,
kandambili za bluu, kizingiti cha nyumbani,
na mwezi wa nne, kwa muuza kachori ng'ambo ya barabara,
akarudi na kachori moja, nyingine kaila njiani.
Kokoto ilishinda kiatuni kutwa, hakuijua.
Shuleni wakamwita Kiraka.
Mimi nilikasirika. Yeye aliwatoza
shilingi hamsini kila anayetaka kuona.

Siku hizi nakata madumu ya mafuta, yale ya njano,
na baiskeli yenye keria haitoki kwangu bila kinga. Bure.
Wengine huzifungua njiani. Zinagonga, wanasema.
Najua zinagonga.

Kila usiku, beseni la maji vuguvugu, taa ya simu.
Nauzungusha mguu polepole
kama tyubu ninayoitafutia povu,
napitisha kidole mpakani, ngozi mbili zinapokutana,
pale upande mmoja unapojua kidole changu
na wa pili haujui.
Kiraka changu kizuri kabisa hudumu mwaka.
Hiki kinarefuka naye.
"Baba," anasema, macho yako kwenye katuni,
"hapavuji."