Tundu la Tano

Kazi yangu ni kufyonza mate.
Nashika kijibomba, nafuata ulimi unakokwenda;
miaka kumi na mmoja hapa Punta Arenas,
nimezoea vinywa kuliko nyuso.

Eleuterio Mansilla, mkata manyoya ya kondoo,
amekuja mara ya tatu kwa gego lile lile,
la juu, kushoto, la sita ukihesabu toka mbele.
Maumivu yake nayo yalianzia kwenye mate,
yale ya majani, yanywewayo moto kwa mrija wa chuma:
funda moja, jicho likatoa chozi bila ruhusa.
"Ling'oeni. Dawa ya jino ni koleo."
Daktari Ismenia hakumjibu. Alivuta darubini.

Nje upepo ulipiga bati
kama mtu aliyesahau ufunguo.

Kitabu kinasema mizizi mitatu:
miwili upande wa shavu, mmoja wa kaakaa, mnene, mtiifu.
Kinaongeza, kwa herufi ndogo,
kwamba ule wa mbele huweza kuficha mfereji wa pili,
mwembamba kama unywele wa kichanga.
Mitatu ilishazibwa mwaka jana, ng'ambo, Porvenir.
Wa nne Ismenia aliupata saa tatu na robo,
chini ya kijirafu cha dentini.
"Ndiye huyu mwizi," akasema, akanyoosha mgongo.

Mimi nikaona kitone chekundu,
upande wa kaakaa, pasipo na jina.
Nikafyonza, kikarudi.
Nikafyonza, kikarudi.
Msaidizi hupokea, hupangusa, hukabidhi;
hajaajiriwa kuona.
Nikameza langu la kumeza, kisha nikasema:
"Daktari, hapa panalia."

"Hapana kitu hapo."
Halafu kimya, kile kimya chake cha kuuma shavu kwa ndani.
Akaitazama tena picha ya eksirei:
mizizi miwili imesimama mmoja nyuma ya mwenzake,
kama ndugu wawili katika picha ya harusi,
na sote tulikuwa tumemsalimu wa mbele tu.

Faili jembamba kuliko yote likashuka.
Milimita kumi. Kumi na nne. Kumi na tisa.
Harufu ikapanda, ya kitu kilichosubiri.

Baadaye alimchorea nyuma ya risiti:
matundu matano, mizizi minne.
Eleuterio aligeuza karatasi kichwa chini, miguu juu, akairudisha,
akasema kwa mdomo uliojaa ganzi:
"Miguu minne. Sasa hilo ndilo jino.
La mitatu lingesimamaje?"

Akaikunja risiti, akaitia kwenye kofia.
Akauliza kuhusu mate. Akaambiwa: upande wa kulia, vuguvugu, wiki mbili.
Akasikitika kweli kweli, kwa zile wiki mbili tu.

Nilisuuza kijibomba, nikazima taa.
Njiani, upepo ukinisukuma kisogoni,
niliupitisha ulimi juu ya magego yangu,
moja, moja,
nikihesabu yale ambayo ulimi hauyafikii.