Jino la Shangazi

Ijumaa. Tumetoka kusali alfajiri,
Thuweba anafunga godoro juu ya gari
kwa kamba ya kuanikia nguo.
Mimi nabeba birika, tende, plasta na burashi ya meno,
si ya meno yetu. Ya jiwe.

Al Hamra tunaipita taa bado zinawaka,
tunaacha lami, tunafuata wadi kavu
hadi lilipokaa: jiwe la urefu wa chumba na nusu,
limeinama mbele
kama mtu anayetafuta sarafu aliyoiangusha.
Tumeliita Jino la Shangazi.
Lina ufa katikati, lina makali, na halisamehe.

Anavua makubazi, anasukumiza miguu
ndani ya viatu vidogo kwa namba mbili.
"Ndivyo vinavyotakiwa," asema, uso umemkunjamana.
Chaki viganjani. Makofi mawili. Vumbi jeupe.
Bismillahi.

Vidole viwili ndani ya ufa,
kisigino cha kushoto juu, karibu na sikio,
pumzi fupi fupi.
Kazi yangu ni kusimama chini, mikono juu,
kama anayeomba dua huku anasubiri kushushiwa gunia.
Nina miaka hamsini na mbili, mhasibu wa maji, Nizwa.
Binti yangu amenikabidhi mgongo wake.

Pale juu pana kishikio kimoja tu,
chembamba kama ukingo wa sahani.
Anakirukia. Anakigusa. Nasikia kucha.
Kisha godoro linaguna kama mzee anayeketi.

Mara ya pili. Ya nne. Ya saba.
Ncha za vidole zimekuwa rangi ya komamanga.
Mbuzi wa Muhanna anapandia ubavuni,
anasimama kileleni, anatutazama,
ananya.
Tunacheka mpaka Thuweba anashika mbavu.

Saa mbili jua linalifikia jiwe.
Likipata moto, kiganja hutoka jasho,
na jasho halishiki kitu. Machi inaisha.
Basi tena, mpaka Novemba.

Anasugua kishikio kwa burashi, taratibu,
anafuta chaki yake mwenyewe
kama anayeosha kikombe cha mgeni.
Namuuliza, umekasirika?
Ananionyesha juu kabisa, kwenye genge la mlima,
kovu la manjano, umbo la jiwe hilihili.
"Baba, hata lenyewe lilianguka."

Sikupata la kusema.
Akaninyooshea birika.
"Nifungulie. Vidole vimegoma."