Jiwe Halilii

Baba yangu, Numbi Kisimba, aliandika vibandiko
miaka ishirini na sita katika maabara ya kampuni:
wino mweusi, herufi zilizolala upande mmoja
kama mahindi baada ya mvua ya mawe.
Jina juu. Chini yake, mahali lilipookotwa.
Chini kabisa, uzito kwa gramu.
Aliyeliokota hakuwa na mstari.

Jioni kwetu Katuba, meza ikishapanguswa unga,
alitufundisha mawe kama wengine wanavyofundishwa ukoo.
Likasiti, huyo ni mtu wa Likasi.
Kipushiti wa Kipushi,
kule bibi yenu alikouza viazi vitamu.
Kasoliti wa Kasolo, wa manjano, msimguse.
Malakiti amepewa jina la jani
la nchi ya mbali, wala hatujawahi kulipika.

"Na kobalti?" akauliza kaka yangu Mwepu.

Baba akasogeza taa.
Wachimbaji wa Ulaya ya kale, alisema,
waliyeyusha jiwe wakitafuta fedha
wakapata moshi wa kuua.
Wakaapa kwamba kuna kijini humo, mwizi,
na jina la kijini likabaki mwilini mwa jiwe.
"Kumbe tumejenga juu ya majini," Mama akasema,
akaendelea kusonga bukari.

Mwepu alikuwa ameshaanza kwenda Ruashi usiku,
tochi kichwani, sururu ndani ya mfuko wa mchele.
Mwaka ule wa mvua nyingi akarudi na kitu
cha ukubwa wa ngumi ya mtoto,
buluu, halafu si buluu,
chenye visindano vilivyolaliana
kama manyoya ya kifaranga aliyelowa.
Baba akaligeuza. Akalinusa.
Akaliramba (waliozeeka na mawe huyaramba).
Akachukua kibandiko, akaandika mahali.
Akaandika gramu.
Kalamu ikapanda kwenye mstari wa juu,
ikasimama hapo mpaka wino ukatona.

Nusu ikavuka bahari ndani ya pamba.
Nusu ikabaki.
Vipande vingine Mwepu alishavipeleka depoti,
na depoti mawe yote yana jina moja:
asilimia ngapi?

Barua ilikuja baada ya miezi kumi na minne.
Ni jiwe jipya, walisema, hongera, asante,
nasi tumeliita kwa heshima ya profesa wetu
anayestaafu mwezi wa sita.
Mtu mwema, bila shaka. Ana wajukuu, labda, na bustani.
Baba akasoma mara mbili, akaikunja barua kwa nne,
akaitia chini ya mguu wa meza unaoyumba.

Mwaka huohuo Mwepu alipata mtoto wa kike.
Alilia siku tisa, usiku na mchana,
akatema titi, akatema maji ya dawa,
mpaka shangazi yetu Kyabu akaja kutoka Kasumbalesa
na vumbi lake la safari, akauliza tu:
"Mmempa jina la nani?"
Akamchukua, akamtajia wafu wetu mmoja mmoja sikioni.
Alipofika kwa Ngoie, mama wa mama yake Mama,
mtoto akanyamaza, akapiga mwayo.
Ndiyo desturi. Jina likikosea, mwenyewe hukataa.

Lakini jiwe halilii.
Unaweza kulibandika profesa, kijini, jani, asilimia,
lisikugeuzie hata uso.

Baba amelala Sapini sasa, na msalaba wake una jina,
limekosewa herufi moja.
Ile nusu ndiyo inayozuia mlango wa jikoni.
Ngoie, ana miaka saba, analiita Zuia.
Zuia, sogea. Zuia, umeniumiza kidole.
Kibandiko kiko sandukuni, mstari wa juu mtupu,
doa la wino limekuwa kahawia.

Usiku wa kiangazi, upepo ukisukuma mlango,
jiwe hukwaruza sakafu, mara moja.
Nami huinuka kitandani gizani,
nikaweka sikio,
nikaanza na majina ya upande wa baba.